Tulioimba Nje ya Ukuta

"Usianze juu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa nilipojiunga na washangiliaji wa timu ya kandanda ya shule yetu, Mei 2011, nyuma ya maabara, saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Kanisani niliimba sauti ya pili, basi nikadhani kuimba nakujua. Mwimbishaji wetu, msichana wa Kidato cha Nne mwenye mwili mdogo na sauti ya kuamsha mtaa, alinisikiliza mistari miwili akanikatiza. Kanisani, alisema, unaimba dakika nne kisha unaketi. Uwanjani unaimba tangu timu ishuke kwenye basi hadi ipande tena, vumbi linakuingia kooni na wale wa upande wa pili wanakuzomea. Ukianza juu, kipindi cha pili kitakukuta bubu.

Sitataja jina lake, wala la yeyote niliyekuwa naye mwaka ule. Wana maisha yao na watoto wao. Shule nayo sitaitaja. Itoshe kwamba ni shule ya kutwa, ya wavulana na wasichana, huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hatua chache kutoka Jogoo Road, mahali ambapo dirisha la darasa likiwa wazi unawasikia makanga wa matatu za namba 58 wakiita watu wa Buruburu. Mwaka jana nilipita pale kuchukua cheti cha ndugu yangu, nikaikuta picha ya timu yetu bado inaning'inia nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Wachezaji 18, mwalimu wa michezo, mwalimu mkuu wa wakati ule, mpira katikati ya miguu ya kapteni. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama kuna kingine nilichohitaji. Sisi hatumo kwenye picha hiyo. Kuna picha nyingine, nikasema moyoni, na hiyo lazima niiandike maana hakuna aliyeitundika.

Kandanda ya shule za sekondari wakati ule ilichezwa muhula wa pili, tangu mvua za masika zikiwa bado hazijakatika hadi baridi kali ya Julai. Unaanza kwenye kanda, ukishinda unaingia wilaya, kisha mkoa, kisha taifa, na bingwa wa taifa huenda kukutana na wenzake wa Uganda, Tanzania na kwingineko kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa bado mkoa. Serikali za kaunti zilikuja baada ya uchaguzi wa 2013.

Hatukuwa shule ya mpira. Shule za mpira tulizijua kwa sifa tu: Kakamega, wale Green Commandos, na St Anthony's ya Kitale. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, na udongo wake ni ule mweusi wa Eastlands, ukinyeshewa unang'ang'ania njumu kama gundi ya fundi viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu. Lakini vijana wetu walikuwa na ndoto, na ndoto yenyewe haikuwa mbali. Kamukunji High ni umbali wa kutembea kwa miguu, na huko ndiko waliposoma McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama. Mariga alikuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010. Na Julai ile ile tuliyokuwa tukipigania mkoa, Wanyama akahamia Celtic ya Uskoti. Nambari sita wetu alibandika picha yake ya gazeti ndani ya kifuniko cha dawati. Mwaka uliofuata, Novemba 2012, Wanyama alipoifunga Barcelona kwa kichwa kule Glasgow, nilimwaza huyo nambari sita kabla ya kumwaza mtu mwingine yeyote.

Sisi washangiliaji tulikuwa 21. Wasichana 15, wavulana sita.

Mpigaji wetu wa ngoma alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili ambaye kwao ni Shinyalu, nchi ya Waisukha. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na ya majirani zao Waidakho, na hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, pembe ya swala ikilia na njuga zikiitikia. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, na habari hiyo iliposomwa kwenye redio nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha, kwa sababu nilimwona mvulana yule na jerikeni zake. Ngoma ya ngozi hatukuwa nayo hata moja. Alichukua jerikeni tatu za manjano, zile za mafuta ya kupikia: ya lita 20 tupu, ya lita 20 yenye maji kidogo chini, na ya lita tano. Ile yenye maji ilitoa mlio mzito wenye mtetemo, kama mtu anayesema chini kwa chini. Alijaribu vipimo vya maji siku tatu nzima, akimwaga na kuongeza kwa kifuniko cha chupa, mpaka zikapatana. Akazipiga kwa vipande viwili vya mpini wa ufagio. Kayamba tuliazima kwa kwaya ya kanisa letu, tukaapa kuirudisha kila Jumamosi jioni, na tuliirudisha.

Vuvuzela ilikatazwa. Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa limepita mwaka mmoja tu, na vuvuzela zilikuwa zikiuzwa hadi kwenye taa za barabarani. Mvulana mmoja alileta yake, ya kijani. Mwimbishaji akamwomba aipulize, akasikiliza, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba kitu hicho kina neno moja tu na sisi tuna maneno mengi. Mvulana akaiacha nyumbani. Kusema kweli sikuelewa uzito wa jambo hilo mpaka nilipoona namna wimbo unavyofanya kazi uwanjani.

Watu hudhani mashabiki wanaimba kwa sababu wamefurahi. Tulipofungwa ndipo tulipoimba zaidi. Nyimbo zetu tulizitunga wenyewe na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ulikuwapo wa kushambulia, wa haraka, jerikeni ndogo ikitangulia:

"Lango ni la nani?" — "Ni letu!"
"Funguo kashika nani?" — "Ni sisi!"

Na ulikuwapo wa kutuliza, ule niliopenda kuliko yote, tuliouimba timu ikiongoza na muda ukiyoyoma, au vijana wakianza kurusha mpira ovyo kwa hofu:

"Mama, songa ugali." — "Polepole."
"Mwiko usiuachilie." — "Polepole."
"Wageni wameshafika." — "Polepole, polepole."

Wachezaji waliuelewa. Waliusikia wakashusha pumzi, mpira ukarudi kwa mabeki, ukapita miguu mitatu minne, wapinzani wakaanza kukimbia bure. Kocha hana namna ya kuwaambia watu 11 jambo moja kwa wakati mmoja uwanja mzima. Akipiga kelele anasikika na wawili walio karibu. Wimbo unawafikia wote. Kwa hiyo mwimbishaji alipaswa kujua mpira kama kocha, na alijua. Wakati sisi tulikuwa tukikodolea macho mpira, yeye hakuutazama. "Mpira utakudanganya," alitufundisha. "Tazama mabega." Mabega yakishuka, timu imechoka au imekata tamaa, na hizo ni hali mbili zenye nyimbo mbili tofauti. Alizitofautisha kutoka upande wa pili wa uwanja. Mimi mpaka leo bado najifunza.

Tulikuwa na miiko pia. Siku ya mechi hatukula njugu, wala soda baridi. Tulitafuna tangawizi. Kila baada ya wimbo wa tatu nusu yetu walinyamaza na nusu wakaendelea, kwa zamu, na aliyenyamaza hakuruhusiwa hata kunong'ona.

Nyumbani jambo hili halikupokelewa vyema. Mama aliniuliza kwa nini niwaimbie wavulana wa watu badala ya kusoma. Shuleni, naibu mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride la Jumatatu akasema wasichana wanaofuata timu watafutane na hao wavulana baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Wanafunzi walicheka. Mwimbishaji wetu alikuwa kiranja, amesimama mbele, na alicheki sweta yake kama kuna uzi uliotoka, akaulainisha kwa kidole, basi. Wavulana wetu sita nao waliitwa wasichana. Wengi walikuwa wameona kwenye televisheni wale washangiliaji wa shule za Marekani, sketi fupi na vishada mkononi, wakadhani kushangilia ni pambo la msichana. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko huko Marekani kazi hiyo ilianzishwa na mwanamume. Aliitwa Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1898, timu yao ikiwa inapoteza mechi baada ya mechi katika ule mpira wao wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, alitoka mbele ya watazamaji akawaongoza kupaza sauti. Timu ilikuwa inashindwa, na mtu akaona haiwezi kuachwa hivyo. Nilipolisoma hilo nilitamani ningelijua ile Jumatatu, ingawa sidhani ningethubutu kunyoosha mkono.

Kwenye kanda tulipita bila taabu kubwa. Mechi nne, dakika 30 kila kipindi kwa sababu timu zilikuwa nyingi na siku fupi. Mwaka ule bei ya unga na ya mafuta ilikuwa imepaa, na shule ikatangaza basi ni la wachezaji tu. Tukawa tunachanga nauli. Aliyekuwa na shilingi 20 alitoa 20, aliyekuwa na tano alitoa tano, na wasiokuwa na kitu walibeba jerikeni. Mimi nasema, na nimewaambia walimu wakuu wawili ninaowajua: tengeni viti 14 kwenye basi kwa ajili ya waimbaji. Si lazima basi zima. Viti 14 vinatosha sauti tatu na ngoma. Timu isiyo na sauti zake ugenini inacheza na watu zaidi ya 11.

Wilayani ndipo palipotokea mambo mawili. Moja linajulikana, lingine hakuna anayelikumbuka ila mimi na mtu mmoja.

Linalojulikana ni mawe. Mechi ya nusu fainali ya wilaya ilipoisha, tukiwa tumeshinda 2-1, mashabiki wa upande wa pili, wengi wao si wanafunzi hata kidogo, walianza kurusha mawe. Kioo kimoja cha basi kilivunjika. Kipa wetu alipasuliwa juu ya nyusi akashonwa nyuzi tatu. Tulijificha nyuma ya choo cha uwanja, jerikeni tukaziweka vichwani kama kofia. Fainali ya wilaya ikachezwa siku ya kazi asubuhi, karibu kimyakimya, tukashinda, kisha likatoka agizo: nusu fainali ya mkoa itachezwa bila mashabiki. Milango itafungwa.

Lile lingine lilitokea siku hiyo hiyo ya mawe, mapema zaidi. Shule yetu ilikuwa pia na timu ya wasichana. Ilicheza kwenye uwanja wa jirani, kama hatua 200 kutoka tulipokuwa, saa ile ile ambayo wavulana walikuwa wakipasha misuli. Mshambulizi wao alikuwa mwenzangu wa dawati. Walifungwa 1-0 wakaondoka mashindanoni. Sisi tulikuwa tukiimba "Lango ni la nani" kwa ajili ya wavulana ambao hata mechi yao haijaanza. Jumatatu yake aliketi kando yangu, akafungua kitabu cha Kemia, akaniambia bila kuniangalia, "Niliwasikia. Nilidhani mnakuja."

Sikuwa na jibu. Nililipeleka neno hilo kwa mwimbishaji wetu na yeye pia hakuwa na jibu. Alikaa kimya mapumziko yote. Si kwamba tulikuwa tumekaa tukaamua kutowaimbia wasichana. Wazo lenyewe halikuwahi kutujia, na sisi 15 tulikuwa wasichana. Ndilo jambo linaloniuma zaidi kuliko matusi yote ya gwarideni. Oktoba 2024, Junior Starlets walipokwenda Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza kabisa ya Kenya ya kandanda kucheza Kombe la Dunia la FIFA, wasichana wasiozidi miaka 17, wengi wao wanafunzi wa sekondari, nilikesha kutazama. Walipoishinda Mexico 2-1 nilimpigia simu yule mwenzangu wa dawati. Tulilia wote wawili, na hakuna aliyetaja Kemia.

Sasa nifike kwenye ukuta.

Mechi ilipangwa Jumamosi, kwenye shule moja upande wa magharibi wa jiji. Agizo lilisema hakuna shabiki atakayepita langoni. Halikusema lolote kuhusu barabara. Mwimbishaji ndiye aliyeliona hilo. Alfajiri tulikutana 21, tukatembea Jogoo Road yote, tukapita City Stadium, tukashika Landhies Road hadi Muthurwa, wachuuzi wakipanga nyanya na kutuuliza hizo jerikeni tunaenda kuchotea maji wapi. Mjini tukapanda matatu mbili za 46. Makanga wa matatu yetu alitupunguzia nauli baada ya kumwimbia, naye akajifunza kiitikio kabla hatujafika Hurlingham.

Langoni kulikuwa na soja mzee, koti la kijivu, rungu kwapani. Mwimbishaji alimwamkia, "Shikamoo, baba," akamweleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Amri ni amri, wanangu. Ndani siwezi." Kisha akatazama ukuta, mrefu, wa mawe ya kuchonga, vipande vya chupa juu yake, akasema barabara haikuwa yake kuilinda.

Tukajipanga kando ya ukuta, kwenye nyasi, mtaro nyuma yetu. Hatukuona chochote. Hebu fikiria kuimbia mechi usiyoiona. Tulianza kabla ya filimbi, wimbo wa kuingia, si juu, ili wajue tupo. Baadaye kapteni alituambia kwamba waliposikia jerikeni ya maji, kipa aliyeshonwa nyuzi alisema, "Wamefika," na kwamba sarafu iliporushwa akashinda, alichagua upande makusudi ili kipindi cha pili washambulie lango lililo karibu na ukuta.

Kipindi cha kwanza mwimbishaji aliweka sikio kwenye jiwe. Alitunyamazisha kwa mkono, akasikiliza, akatupa wimbo, akasikiliza tena. Nilimwuliza anasikia nini. Alisema anasikia sauti ya kipa. Kipa akisema sana, mpira uko karibu naye. Akinyamaza, mpira uko mbali, tuwape wa kushambulia. Mzee soja hakutuambia neno, amri ni amri, lakini kutoka kwenye kibanda chake aliuona uwanja, na nikagundua kwamba rungu lake lilikuwa linahama. Timu yetu ikisonga mbele, rungu lilikaa bega la kulia. Ikirudi nyuma, lilikaa la kushoto. Sijui kama alijua anafanya hivyo. Napenda kuamini alijua.

Mapumziko, 0-0, tukajua kwa sababu hakukuwa na kelele yoyote ya shangwe. Baridi ya Julai ilikuwa imetulia juu ya miti, lile wingu la Nairobi linaloshinda siku nzima bila kunyesha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na mandazi karibu na kituo cha matatu alitujia na birika. Hakutaka pesa. Alituuliza tunamwimbia marehemu au harusi, tukamwambia tunaimbia mpira, akasema basi tuimbe.

Kipindi cha pili walikuja upande wetu. Tulisikia njumu, na mtu akisema "Nyuma yako, nyuma yako!" karibu sana, kama yuko chumba cha pili. Tulisikia mpira ukigonga ukuta wenyewe, na jiwe likatetemeka viganjani mwetu. Mwimbishaji akapandisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akapandisha kweli, "Lango ni la nani?", na sisi tukamjibu kwa kila kilichokuwa kimebaki kifuani, mvulana wa ngoma akitoka machozi kwa kasi ya mikono. Kisha rungu la mzee likaenda juu. Halikukaa bega lolote, lilikwenda juu kabisa, na yeye mwenyewe akalishtukia akalishusha.

Bao kwenye uwanja usio na watu lina sauti ya ajabu. Kwanza kimya. Kisha mtu mmoja, mwalimu wetu wa michezo, akipiga yowe kama aliyeumwa na nyuki. Kisha miguu, miguu mingi, ikitujia, na viganja vikipiga ukuta kutoka ndani. Walikuja kusherehekea ukutani. Tukapiga ukuta kutoka nje. Hatukuonana, tulipiga tu jiwe, wao kule na sisi huku. Zikabaki kama dakika 15, na mwimbishaji tayari alikuwa ameinua mkono wa kushusha: "Mama, songa ugali." Polepole. Tukausonga ule ugali mpaka filimbi ya mwisho.

Fainali ya mkoa ilikuwa na mashabiki, na polisi, na uwanja mzuri wenye nyasi. Tulifungwa 3-0. Sina mengi ya kusema kuhusu mechi yenyewe. Walikuwa bora kuliko sisi, wakubwa zaidi na wepesi zaidi, na nambari sita wetu alicheza akichechemea. Bao la pili lilipoingia mimi niliacha kuimba. Sauti ilikuwepo, ila niliona haina kazi tena. Mwimbishaji alikuja nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni, akanipa noti ya wimbo, ya chini kabisa, ya kuanzia. Hakusema neno. Nikaishika ile noti. Tuliimba ule wa polepole mpaka kila mchezaji akapanda basi, na kipa alipopita mbele yetu aliinama akaigusa jerikeni ya maji kwa vidole, kama mtu anavyogusa maji ya baraka mlangoni mwa kanisa.

Msimu ukaishia hapo. Picha ikapigwa wiki iliyofuata, kwenye ngazi za ofisi, na aliyepanga watu aliita wachezaji kwa majina. Tulikuwa darasani. Tuliona kwa dirisha.

Nina picha moja tu ya sisi. Ilipigwa kwa simu ya mmoja wetu siku ya ukuta, na ni ya ukungu. Unaona nusu ya uso wa mwimbishaji, sikio kwenye jiwe, macho yamefumbwa. Unaona manjano ya jerikeni. Mkono ulioinuliwa, sijui wa nani. Nimeichapisha kubwa na iko ukutani kwangu. Nimeagiza nakala nyingine, na nitaipeleka shuleni, nimwombe mwalimu mkuu wa sasa aitundike kando ya ile ya timu. Akikataa nitarudi tena muhula ujao.

Agosti 10, 2025, nilikuwa uwanja wa Kasarani. Mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya na Morocco. Ryan Ogam alikuwa ametufungia bao dakika ya 42, kisha kabla ya mapumziko mwenzetu mmoja akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili watu 10 dhidi ya Morocco, ambao mwishowe ndio waliotwaa kombe lile. Uwanja mzima ulisimama. Tuliimba, maelfu kwa maelfu, na nilihisi mabega ya vijana wetu kule chini, mbali, yakianza kushuka.

Nikampigia simu mwimbishaji wetu. Siku hizi yuko Kitale, ana duka la nafaka na watoto wawili. Alikuwa akitazama kwenye televisheni ya dukani. Sikusema lolote, niliinua simu juu asikie. Nilipoirudisha sikioni alikuwa tayari anazungumza, kwa ile sauti yake ya nyuma ya maabara.

"Mmeanza juu sana hapo. Nani anawaongoza? Mwambie ashushe. Bado dakika 40."

Ngazi mbili chini yangu kulikuwa na kijana amewapa wachezaji mgongo, mikono hewani, mishipa ya shingo imemtoka. Nikapenya kati ya watu, nikamgusa bega.